Mfiwa Hapatani Bei

Duka la kanga nililofanyia kazi lilikuwa Mtaa wa Uhuru, upande wa Kariakoo, jijini Dar es Salaam, mwanzoni mwa miaka ya tisini. Nilikuwa msichana niliyemaliza shule karibuni, na shangazi yangu, mteja wa siku nyingi wa duka lile, ndiye aliyeniombea kazi. Kazi yenyewe ilikuwa kukunjua na kukunja. Mteja akinyoosha kidole naishusha doti kutoka kwenye rafu, naitandaza mezani auone mji na pindo, akikataa naikunja na kuirudisha ilikotoka. Ukiifanya kazi hiyo kwa muda mrefu unaanza kuwasoma watu. Pamba ilikuwa ile ile, upana ule ule, na bei haikutofautiana sana kati ya doti moja na nyingine. Hata hivyo mtu alisimama mbele ya meza nusu saa nzima, akashusha rafu karibu yote, akaondoka na moja, na ukimtazama usoni unajua kwamba hiyo moja imempata mahali.

Tajiri wangu alikuwa mzee aliyezaliwa Pemba, mtoto wa muuza kanga na mjukuu wa muuza kanga. Hakupenda maneno mengi. Siku ya kwanza aliniambia jambo moja tu: usimwulize mteja anataka kanga gani, mwulize anamnunulia nani. Mimi nilidhani ni adabu ya Kipemba. Baadaye nilielewa kwamba alikuwa amenipa elimu yote ya biashara ile kwa mara moja.

Nimkumbuke bibi mmoja aliyeingia asubuhi akiwa ameshikwa mkono na mjukuu wake. Alikaa kwenye kigoda, akavua viatu, akasema, "Mwanangu, macho haya hayakwenda shule. Nisomee." Nikaanza kumsomea majina. Wema hauozi. Akatikisa kichwa: "Hilo atadhani namhesabia niliyomtendea." Hasidi hana sababu. "Hapana, hilo ni la kugombana." Nani kama mama. Akacheka kidogo, akasema hilo hata asilione. Ndipo mjukuu aliponinong'oneza kwamba bibi na mkamwana wake wamenuniana tangu mfungo wa Ramadhani, na sasa mkamwana amejifungua. Bibi alitaka kanga ya kumpelekea mzazi. Lakini alitaka jina litakalofungua mlango bila kuonekana kwamba ni yeye aliyeomba radhi, na pia lisimfanye yule binti ajione ameshinda.

Nilisoma mpaka sauti ikakauka. Tulipofika kwenye ile iliyoandikwa Sisi sote abiria dereva ni Mungu, akainua mkono. "Hiyo hapo. Hiyo haina mshindi." Rangi yake ilikuwa ya manjano, na mwanzoni alikuwa ameniambia nisimwonyeshe kabisa kanga ya manjano. Hakukumbuka, au alikumbuka na halikuwa jambo tena. Kisha akaanza kupatana bei kama mtu aliyezaliwa sokoni, akapunguziwa, akafunga hela iliyobaki kwenye pindo la kanga yake, akaenda zake.

Wapo wanaolitazama tukio la namna hiyo na kusema bibi alinunua kwa hisia, kana kwamba akili yake ilikaa pembeni ikasubiri. Mimi nilikuwepo. Sijawahi kuona mtu akifikiri kwa bidii kuliko alivyofikiri bibi yule kwenye kigoda kile. Alipima kila neno kwa masikio ya mtu mwingine, akapima historia ya nyumba mbili, akapima heshima yake mwenyewe. Hisia ndiyo iliyompa kipimo. Bila ule uchungu wa kununiana na mkamwana asingekuwa na sababu ya kuikataa hata moja ya zile doti.

Miaka mingi baadaye nilisoma habari za Antonio Damasio, mtaalamu wa mishipa ya fahamu, ambaye katika kitabu chake cha mwaka 1994 alimweleza mgonjwa aliyemwita Elliot. Mtu huyo alikuwa ametolewa uvimbe kwenye ubongo, na pamoja nao ikaondoka sehemu ya mbele ya ubongo iliyoharibika. Akili yake ilibaki: alifanya vizuri majaribio ya kupima akili, alizungumza vizuri, alikumbuka. Kilichomtoka ni kuguswa na mambo. Na mtu huyo akashindwa kuendesha maisha yake. Kazini angeweza kutumia mchana mzima akijiuliza nyaraka azipange kwa tarehe au kwa ukubwa. Aliingia katika biashara mbaya, akapoteza akiba yake, ndoa ikavunjika. Damasio alisema kwamba mtu asiyehisi hawezi kuchagua, kwa sababu kila njia mbele yake ina uzito sawa. Nilipoisoma habari hiyo nilimwona Elliot amesimama mbele ya meza yetu, nimemshushia duka zima, naye hajui achukue ipi.

Wanaume walikuwa wateja wa mwisho wa mwezi. Wengi wao hawakusoma majina. Walitazama rangi, wakauliza bei, wakalipa. Tajiri alituamuru tuwasomee kwa sauti kabla hatujaifunga kanga kwenye gazeti, hata kama mteja ana haraka, hata kama foleni ni ndefu. Mfanyakazi mmoja wa bandarini alikuwa anasafiri kwenda Tanga, akachagua doti nzuri ya bluu kwa ajili ya mama mkwe. Nikamsomea jina. Lilikuwa neno la mafumbo, la kumpiga jirani mbaya. Alishtuka, akaweka begi chini, akaanza upya. Mpaka anaondoka alikuwa amechelewa gari la saa nne. Kabla sijamsomea alikuwa ananunua kitambaa. Baada ya kusomewa akawa anamnunulia mtu, na ununuzi wa namna hiyo una taabu yake.

Kuna jambo ambalo limenikera tangu wakati ule, nalo ni jinsi watu wenye vyeo na elimu wanavyowazungumzia wanawake wa sare. Unawasikia redioni na kwenye semina: wanawake wa uswahilini wanamaliza hela kwenye shughuli, kila harusi sare mpya, watoto wanalala na njaa. Nimkumbuke mama mmoja wa Buguruni, muuza maandazi, aliyekuja dukani kuweka hela kidogo kidogo ili apate doti ya sare ya shughuli ya mpwa wake. Kila alipopita mjini alituachia chochote, nasi tukaandika kwenye daftari. Ilikuwa wazi kwamba hela ile inatoka kwenye unga na mafuta. Siku moja nikamwuliza, kwa heshima, kwa nini asivae kanga nzuri aliyonayo. Akanijibu, "Mwanangu, nikienda bila sare wataniweka jikoni."

Jibu hilo nimelibeba mpaka leo. Katika shughuli ya Kiswahili kuna waliokaa mkekani na kuna waliopo jikoni, na sare ndiyo inayowatenganisha. Anayekaa mkekani anaonekana, anatajwa, anatunzwa. Anayeonekana ndiye anayeingizwa kwenye mchezo wa hela unaofuata, ndiye anayepata taarifa kwamba kuna chumba cha bei nafuu Ilala, ndiye ambaye watu watajaa mlangoni kwake siku akifiwa. Mama yule alikuwa ananunua nafasi yake kati ya wenzake, na kwa mtu asiye na mshahara, asiye na pensheni wala bima, wenzake ndio pensheni na bima. Aliyemwambia kwamba anafuja hela hakuwahi kumpa kitu cha kuweka mahali pa wale wenzake.

Abraham Maslow, katika makala yake ya mwaka 1943, aliyapanga mahitaji ya binadamu kwa ngazi: kwanza njaa na kiu, halafu usalama, halafu kupendwa na kuwa mmoja wa watu, halafu heshima, na juu kabisa mtu kutimiza kile alichoumbiwa. Wanafunzi wa biashara huikariri ngazi hiyo wakadhani hakuna anayepanda juu kabla hajashiba chini. Maslow mwenyewe hakusema hivyo kwa ukali huo. Aliandika wazi kwamba mpangilio huo si mgumu, na wapo watu ambao kwao heshima hutangulia. Mama wa Buguruni hakuwa ameigeuza ngazi. Kwake heshima na usalama vilikuwa kitu kimoja, navyo vilivaliwa kwa pamoja.

Na hela zenyewe zina majina. Mama huyo huyo, zamu yake ya mchezo ilipofika, alinunua sufuria za seti na kabati la vyombo, hakugusa hata shilingi kwa ajili ya deni la unga dukani kwa Mangi wa mtaani kwao. Deni lile alililipa kwa hela ya maandazi. Kwa hesabu ya karatasi shilingi ni shilingi. Richard Thaler, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2017, alijenga sehemu kubwa ya kazi yake juu ya jambo hili, kwamba watu hugawa fedha kwenye mafungu kichwani na hawapendi kuyachanganya. Wanawake wa Dar es Salaam hawakuhitaji kuambiwa. Walijua kwamba hela ya mchezo ikiingia kwenye unga, unga utaisha na kabati halitapatikana kamwe.

Woga nao hununua. Hili nililijifunzia nyumbani kwa mama yangu kabla sijaingia dukani. Nililelewa katika miaka ya uhaba, baada ya Vita vya Kagera vya 1978 na 1979, fedha za kigeni zilipokwisha na maduka ya ushirika yakabaki na rafu tupu. Sukari, sabuni, mafuta ya kupikia, dawa ya meno, vyote vilikuwa vya foleni. Watu wa rika langu watakumbuka kwamba ukiona foleni unajiunga kwanza, halafu ndipo unamwuliza aliye mbele yako kinachouzwa. Mwaka 1983 ikaja kampeni dhidi ya wahujumu uchumi, na baadhi ya watu waliokuwa na mabunda ya vitenge ndani wakayatupa usiku. Mwaka 1984 serikali ikaruhusu wenye fedha zao nje kuingiza bidhaa, na mwishoni mwa 1985 Ali Hassan Mwinyi alipoingia madarakani, mambo yakafunguka zaidi.

Maduka yalijaa. Mama yangu hakuacha. Chini ya kitanda chake zilikuwepo sabuni za mche zimekatwa na kupangwa, na sukari kwenye debe lililofungwa kwa kitambaa, miaka baada ya miaka, wakati duka la pembeni lilikuwa na sukari mpaka saa nne usiku. Nilijaribu kumweleza kwamba bei itashuka, kwamba sukari ya zamani inashika unyevu. Alinisikiliza kwa upole na kesho yake akaongeza kilo mbili. Aliwahi kushindwa kumchemshia uji mtoto mgonjwa kwa kukosa sukari, na hakuna bei ya dukani iliyoweza kushindana na kumbukumbu hiyo.

Wauzaji wanaujua woga huo vizuri. Zimebaki mbili tu. Mzigo mwingine haujulikani utaingia lini. Mwisho leo. Maneno hayo yalikuwepo Kariakoo kabla ya matangazo ya simu, na yanafanya kazi kwa sababu kupoteza kunauma kuliko kupata kunavyofurahisha. Daniel Kahneman na Amos Tversky waliliandika hilo mwaka 1979 kwa hesabu ndefu. Tajiri wangu alilijua kwa njia yake. Alitufundisha kwamba mteja akisita, tusiseme neno, tumpe kanga aishike, na kama ni mwanamke tumwambie ajifunge. Akishajifunga na kujitazama kwenye kioo, kanga ile imeanza kuwa yake, na kuivua ni kunyang'anywa. Mwaka 1990 Kahneman, Jack Knetsch na Thaler walichapisha majaribio waliyofanya kwa vikombe vya kahawa: wanafunzi waliopewa kikombe kwanza walidai takriban mara mbili ya bei ambayo wenzao wasio nacho walikuwa tayari kulipa. Kikombe kilikuwa kile kile. Tofauti ni nani alikuwa amekishika.

Je, ni hila? Nimejiuliza mara nyingi, maana niliifanya na niliifanya vizuri. Jibu langu ni kwamba haikuwa hila. Kanga hujulikana mwilini, si mezani, na mteja alikuwa huru kuivua. Wengi waliivua. Tulikunja, tukasema karibu tena. Muuzaji anayekufanya uhisi jambo lililo la kweli hajakuibia. Kumsifia mtu kwamba amependeza akiwa amependeza ni kumsaidia kujiona. Uwongo ni kumwambia zimebaki mbili wakati stoo ina korja nzima, na hilo tajiri wangu hakuturuhusu kulisema. Duka la jirani walilisema kutwa, na tuliona wateja wao wakija kwetu wamekasirika.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo ndilo lililonifanya niandike haya yote.

Mfiwa hapatani bei. Ukikaa nyuma ya meza ya kanga utawatambua wafiwa kabla hawajasema neno. Huja wawili, mmoja akiwa amemshika mwenzake kiwiko. Hawatazami rafu. Wanaomba bafta, wanaomba kanga za kuoshea, na ukitaja bei wanatoa hela bila kuhesabu, mara nyingine wanazisukuma noti zote mezani ili wewe uchukue zinazotosha. Yule yule aliyegombania mia mbili wiki iliyopita leo hagombanii elfu mbili. Anaona akipunguza shilingi moja anampunguzia marehemu. Upendo wote ambao hatauonyesha tena unamwagika pale mezani, na mbele yake kuna mtu mmoja tu anayeweza kuupokea au kuuchuna, naye ni muuzaji.

Duka letu lilikuwa na amri ya miguu miwili juu ya hilo. Kwanza, mfiwa hutajiwa bei ya mwisho mwanzoni, ile ambayo mteja mwingine angeifikia baada ya kupatana sana. Pili, hauziwi zaidi ya alichoagizwa. Akisema nipe kanga kumi, unamwuliza aliyemsindikiza kama ni kumi kweli. Mara nyingi walihitaji nne. Nilimwona tajiri akimrudishia baba mmoja sehemu ya hela yake, akazitia mwenyewe kwenye mfuko wa shati la yule baba, kwa sababu mikono ya mwenye msiba ilikuwa haishiki kitu. Nilimwona pia akimfukuza kazi kijana hodari kuliko sote, aliyekuwa anauza kushinda mimi na mwenzangu tukijumlishwa, kwa kuwapandishia bei watu wa msiba. Kijana alijitetea kwamba walilipa kwa hiari yao. Tajiri akamjibu kwamba siku ile hawakuwa na hiari.

Naiona kauli hiyo kuwa sahihi kuliko sura nyingi za vitabu nilivyosoma juu ya tabia za wanunuzi. Wanaofundisha masoko huwaambia wanafunzi wajue kinachomsukuma mteja, wajue anachokiogopa, anachokionea haya, anachokitamani. Sawa, na mimi nilifundishwa hivyo. Lakini elimu hiyo ina nusu ya pili isiyofundishwa: ukishajua, kuna mahali hutakiwi kuingia. Hisia za mteja zinapokuwa bado zinazungumza na akili yake, kama za yule bibi wa kigodani, muuzaji ana haki ya kushiriki mazungumzo. Zinapokuwa zimeifunika akili yote, kwa msiba, kwa hofu ya mtoto mgonjwa, kwa aibu ya kudaiwa, basi muuzaji ndiye anayepaswa kuwa na akili kwa niaba ya wote wawili. Tajiri wangu alipata faida miaka yote ile na wafiwa wakarudi kwake kununua kanga za arobaini, na baadaye za harusi. Hakufanya hivyo kwa sababu ya kurudi kwao. Nataja tu ili asitokee wa kusema kwamba biashara haiwezi kwenda hivyo.

Mwaka 2008 M-Pesa ilipoanza Tanzania nilikuwa nimeshajitegemea, nina fremu yangu ndogo ya kanga na vitenge. Baada ya muda nikaongeza uwakala wa pesa kwa simu, kama wenzangu wengi, kwa sababu anayekuja kutoa hela huinua macho na kuona kanga. Nikawa tena nyuma ya meza nikisoma nyuso. Anayetoa mshahara huhesabu. Anayetoa hela aliyotumiwa na mwanawe aliye mbali hutabasamu kwanza ndipo ahesabu. Miaka ya hivi karibuni ameongezeka mteja wa aina nyingine, ambaye hahesabu kabisa na hutazama nyuma kabla ya kutaja namba. Huyo anatoa mkopo wa kwenye simu.

Mmoja wao ni mwalimu wa shule ya msingi, mteja wangu wa vitenge. Alipewa kadi ya mchango wa harusi na ndugu wa mumewe, hela hana, siku zinakwisha. Usiku wa manane aliona tangazo, akabonyeza, akakubali masharti, na kabla hajalala fedha imeingia, pungufu ya ile aliyoiomba kwa sababu riba ilikuwa imekatwa mwanzoni. Programu ile ilimwomba ruhusa ya kuona majina yote yaliyo kwenye simu yake. Aliitoa, kama watu wanavyotoa. Siku ya kulipa ilipopita, ujumbe ukaenda kwa mwalimu mkuu. Ukaenda kwa wifi yake. Ukaenda kwa baba mkwe, na picha yake juu, ukimwita tapeli. Akakopa kwenye programu ya pili ili alipe ya kwanza, halafu ya tatu ili alipe ya pili. Alinieleza haya akiwa ameketi ndani ya fremu yangu, nyuma ya pazia, hataki kuonekana na wapita njia.

Fikiria kilichofanyika pale. Aibu ndiyo iliyomfanya akope, aibu ya kushindwa kutoa mchango mbele ya wakwe. Na aibu ndiyo dhamana iliyoshikwa: mkopeshaji hakuchukua nyumba wala pikipiki, alichukua orodha ya watu ambao mama huyu asingependa wamfikirie vibaya. Hisia ile ile iliyompeleka muuza maandazi wa Buguruni kwenye daftari letu, sasa ilikuwa imechimbwa kutoka pande zote mbili, mwanzo na mwisho. Tena kwa kasi. Mama wa Buguruni alikuwa na wiki nyingi za kubadili mawazo, na kila alipopita aliamua tena. Mwalimu aliamua mara moja, gizani, peke yake. Haraka hiyo imepangwa hivyo. Aliyeitengeneza programu anajua kwamba asubuhi, baada ya kunywa chai na kuzungumza na mtu, wengi wasingebonyeza.

Watu wetu wameipa mikopo ya namna hii jina la kausha damu, na jina limewakaa wakopeshaji hao. Ipo Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inayomtaka anayefanya biashara ya kukopesha awe na leseni, na mwezi Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilizifungia programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni. Nilifurahi siku ile, nikamsomea mwalimu habari hiyo. Lakini programu mpya huzaliwa kila siku kwa majina mengine, na tangazo humfikia mtu akiwa kitandani, saa ambayo hakuna ofisi ya serikali iliyo wazi.

Wafanyabiashara wenzangu, mfiwa akiingia dukani kwako, mtajie bei ya mwisho mwanzoni. Mwenye mtoto mgonjwa akija kuuza redio yake ili apate hela ya dawa, usimpe nusu ya thamani kwa sababu unajua atakubali. Na wewe unayekopa, nakuomba mambo mawili. Mkopo wowote uliouona usiku uache mpaka asubuhi, umweleze mtu mmoja unayemwamini unataka kuutumia kwa jambo gani. Benki Kuu hutoa orodha ya wakopeshaji wenye leseni, itazame kabla ya kukubali, na programu yoyote ya mkopo itakayoomba ruhusa ya kuona majina ya watu wako kwenye simu, ifute hapo hapo.